Jiwe la Chini ya Dirisha

Ipogolo, Iringa
4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na mvua hizi? Mama na mama mkubwa hawajambo? Mimi mzima, na cherehani yangu nzima.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako lazima iwekwe spika ndipo usikie, na jambo hili sitaki lifike kwa jirani kabla halijafika kwako. Barua nampa Lugano wa lori la viazi. Akirudi Mbeya atakuletea.

Leo ibadani nilikaa karibu na dirisha. Mhubiri akiendelea, nikatazama nje, na kwa muda mfupi nilikuwa na hakika kwamba nitakuona. Umekaa juu ya lile jiwe la kwetu, chini ya dirisha la kanisa, kofia magotini, ukungu umekufunika mpaka kifuani, unaimba kwa sauti kuliko sisi tulio ndani. Nilipokuwa mdogo nilidhani umepewa kazi ya kulinda kanisa. Nilijivuna shuleni.

Nimeokoka tangu kidato cha nne, na tangu hapo kila siku nakuombea. Mama zangu wote wawili wamebatizwa. Wewe unajua nyimbo zote na bado uko nje. Naomba kitu kimoja tu: ingia darasa la ubatizo. Usife ukiwa kwenye jiwe, baba.

Mwanao,
Yudith

*

Nyumbani, Mbeya
25 Februari 2024

Mwanangu Yudith,

Marahaba. Ugonile, umelala salama? Sisi tumeamka salama. Mgongo wangu ni ule ule, nimeuzoea kama mtu anavyomzoea jirani. Viazi vimetoa maua.

Barua yako niliisoma shambani, nikairudia, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mwinjilisti Jailos na jembe begani. Alidhani nimekuja kugombana. Nimeandikishwa, ubatizo wenyewe ni Pentekoste. Darasani ni watoto na mimi. Tukifika penye amri ngumu wote wananigeukia, wanadhani kwa umri wangu nitakuwa najua.

Nimeota ndoto nikuambie. Niko shambani, asubuhi, na maji yanapanda kati ya matuta bila sauti. Si ya mvua wala ya mto. Ni ya uvuguvugu. Ng'ambo watu wanatembea wamevaa nguo za kawaida kabisa, wananipungia mkono. Nataka kwenda, lakini nimeshika majembe mawili, moja kila mkono, na vidole havifunguki. Nikaamka.

Jailos anasema maji ni ubatizo. Majembe hakuyajua.

Baba yako,
Andendekisye

*

Ipogolo
10 Machi 2024

Baba,

Shikamoo sana. Nimesoma barua yako nimesimama stendi, mpaka Lugano akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia kuna sherehe.

Majembe nadhani ni wasiwasi. Utayaachia tu. Nimeanza kukushonea shati jeupe la siku yenyewe. Niambie Pentekoste ni saa ngapi, niombe ruhusa kazini.

Mwanao,
Yudith

*

Nyumbani
21 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo mwili.

Mchungaji alikuja. Si mtu mbaya. Alikunywa chai, akala viazi, akasifu viazi, ndipo akasema huku akitazama ndani ya kikombe. Kanisa haliwezi kumbatiza mwanaume mwenye wake wawili. Wake wanaweza, maana hawakuchagua. Mume lazima abaki na yule wa kwanza, na wa pili arudi kwao au akae kwake, mume amsaidie lakini si kama mke.

Wa kwanza ni Esta. Wa pili ni Tusekile, mama yako mzazi.

Unajua Esta ndiye aliyekwenda kumposa, baada ya kukaa miaka bila mtoto. Ulipozaliwa, mgongo uliokubeba ni wa Esta. Sasa niambie, nikitoka majini nikiwa safi, nirudi nyumbani nikamwambie nini Tusekile?

Nimemwambia mchungaji nitafikiri. Lakini wewe ndiye uliyeniombea, kwa hiyo nakuuliza wewe. Nifanyeje?

Sasa majembe nimeyajua.

Baba yako,
Andendekisye

*

Ipogolo
2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Pentekoste imepita na sikukuandikia. Nisamehe.

Nina daftari langu la kila siku, unalijua, sijawahi kuruka siku. Siku niliyopata barua yako niliandika tarehe, na chini yake hakuna kitu. Kesho yake vilevile. Miaka yote nimepiga magoti nikiomba uingie, kumbe nilikuwa naomba mama yangu atoke, na sikujua.

Usiniulize mimi, baba. Nikisema mwache, nimemfukuza mama. Nikisema usimwache, na ukafa kwenye jiwe, nitakaaje? Naamini kwamba Yesu alikufa kwa ajili yako kama alivyokufa kwa ajili yangu. Sijui kwa nini njia ya kwako ipite juu ya mtu.

Shati limekwisha. Nimelikunja.

Yudith wako

*

Nyumbani
23 Juni 2024

Mwanangu Yudith,

Usilie. Ngoja nikuambie kituko.

Sikuwaambia mama zako neno, lakini nyumba yetu haina siri. Alhamisi ukungu ulikuwa mzito, huoni hata kuku. Nikaamka, jikoni hakuna mtu. Nikatoka, nikasikia sauti mbili njiani zinagombana. Nafuata sauti, nawakuta. Esta ana bunda la nguo kichwani. Tusekile ana bunda kichwani. Kila mmoja alitoroka kimya ili mwenzake abaki na mimi nibatizwe, wakagongana kwenye kona ya kisima.

"Wewe unakwenda wapi?" Esta anauliza.

"Kwetu. Na wewe?"

"Kwa dada."

"Dada yako alikufa, dada."

"Basi kwa watoto wake! Rudi nyumbani, Tusekile, wewe una mtoto hapa."

"Mtoto gani? Yudith ni wako, mimi nilimzaa tu."

Waliponiona, Tusekile akacheka, bunda likaanguka, na Esta naye akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani yenye umande. Nimewabebea mabunda yote mawili. Mgongo haujanisamehe.

Nimemwambia mchungaji nitabaki nje. Yesu nimempokea. Kama anakubali kukaa na mimi kwenye jiwe, karibu, nafasi ipo. Mchungaji alinishika mkono muda mrefu.

Baridi ya mwaka huu ni kali. Nina kikohozi kidogo.

Baba yako,
Andendekisye

*

Ipogolo
30 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka na kulia kwa pamoja, wateja wananishangaa.

Nilimwendea mchungaji wa huku nikamwambia yote. Alinisikiliza, akafungua kitabu cha sala, akanionyesha kwamba sheria ni hiyo. Kuna mahali pamoja tu ambapo hakuna maswali. Mtu anayeamini, akiwa anakata roho na mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, hata mwanamke, hata kwa maji ya mtungini, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nikamwuliza, kwa hiyo baba yangu angoje kufa? Akafunga kitabu.

Wasomee na mama zangu hayo. Lakini usiugue makusudi! Hicho kikohozi kaonyeshe zahanati, usikitibu kwa tangawizi peke yake. Natuma shati hata hivyo. Uvae ukikaa kwenye jiwe.

Mwanao,
Yudith

*

Nyumbani
18 Agosti 2024

Mwanangu Yudith,

Marahaba, na uzima tele, kwa maana mimi ninao. Najua ulipigiwa simu, ulilia spika ikasikika hadi kwa jirani, ukataka kupanda basi usiku ule, na mama yako akakuambia ngoja, ameomba uji. Sasa nina nguvu ya kushika kalamu, nikuambie yaliyotokea kabla ya uji.

Kilikuwa kichomi. Mvua ya baridi, isiyo ya msimu, ilinikuta shambani. Zahanati walinipa dawa, lakini homa ilipanda na njia ilijaa matope, gari halipandi. Nikarudi kwenye ndoto ile. Maji kati ya matuta, watu wa ng'ambo. Safari hii yalinifika kifuani, na mikono yangu bado imeshika. Mara nikasikia sauti, kwa mbali, kama watu wanaozungumza ng'ambo ya bonde.

"Hapumui vizuri. Mwaga wewe, mimi naogopa kukosea."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Basi mimi nitasema maneno, wewe mwaga."

"Jina?"

"Jina gani?"

"La ubatizo, dada!"

Esta akasema, "Ezekia. Yule mfalme aliugua akaongezewa miaka."

"Na huyu asipoongezewa?"

"Tusekile, mwaga maji!"

Yudith, yalikuwa ya baridi. Katika ndoto siku zote yalikuwa ya uvuguvugu, lakini haya yalitoka mtungini, yakaniingia masikioni. Nikafumbua macho. Nilikuwa nimewashika mikono, mmoja huku, mmoja huku, na sikuwa nimemwachia mtu.

Mchungaji alifika kesho yake mchana na joho kwenye mfuko, amejiandaa kwa mengine. Akanikuta nimekaa. "Mzee Andendekisye?" akasema. Nikamwambia, "Ezekia." Akawatazama mama zako, akatazama mtungi, akakaa juu ya kitanda changu. Akasema ubatizo haurudiwi wala haufutwi. Akalisema tena polepole, kama anajiambia mwenyewe, na nikaona anazuia kucheka. Meza ya Bwana bado. Ameandika kwa wakubwa wake kuwauliza wamfanyeje mtu kama mimi. Nangoja. Kungoja najua.

Leo nimevaa shati lako nikaingia. Tulikaa mwisho, upande wa dirisha, mimi katikati. Ndani sauti zinarudi kutoka ukutani, sikujua hilo. Nje zilikuwa zinaondoka na ukungu. Nikatazama dirishani nikaliona jiwe langu, limelowa umande, dogo kuliko nilivyodhani.

Nimemwomba Jailos anisaidie kulihamisha. Tutaliweka mlangoni, pale penye matope, watu walikanyage wakiingia.

Baba yako,
Ezekia Andendekisye