Kibaraza cha Wachukia Watu

Babu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa hapa kwako Old Korogwe, na nina habari nzuri ya Bibi.

Unakumbuka ile likizo niliyokuja kutoka Handeni, ukaniuliza kama sisi walimu tuna neno la mtu asiyependa watu? Jirani alikuwa amekuita mwenye roho mbaya, na ilikuuma. Nikakwambia neno lipo, asili yake Ugiriki ya kale: misos ni chuki, anthropos ni mtu. Yakiungana unapata misantropi, mtu aliyechoshwa na binadamu wote bila ubaguzi. Ulicheka mpaka kofia ikadondoka. "Bila ubaguzi! Basi ndiye mimi."

Ukaanza kujitambulisha hivyo msikitini, sokoni, hadi kwa kondakta wa basi la Mombo. Mzee Semkiwa, kinyozi wako, akasema na yeye anajiona ni huyo huyo. Akawa anakuja jioni, mnakaa kibarazani mnawasema watu. Akaja mwingine, na mwingine, mpaka birika moja la kahawa likawa halitoshi. Ukalalamika kwamba watu wamezidi. Lakini Babu, hukumfukuza hata mmoja.

Ulipotutoka, Bibi alifunga mlango wa mbele, akawa anapitia uani. Chakula anakionja tu. Kila nikimwomba twende wote Handeni, ananitazama kama hanisikii. Niliogopa, Babu. Niliona kama na yeye anaondoka.

Basi, arobaini yako ilipopita na Bibi akamaliza eda, Mzee Semkiwa akaja na wenzake. Hawakupiga hodi. Wakakaa kibarazani, wakaanza kuwasema watu kama kawaida yenu. Mara nikasikia komeo la mlango wa mbele.

"Nyie wazee, hamna makwenu?" Bibi alifoka. Akawapitia mmoja mmoja: Semkiwa na mkasi wake butu, yule wa Makuyuni anayekohoa makusudi ili aongezewe kahawa, hakuna aliyesalimika.

Mzee Semkiwa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Mama, sisi tunawachukia watu kwa jumla tu. Wewe unawachukia kwa majina. Karibu uketi, utufundishe."

Bibi akacheka. Babu, alicheka! Nilikuwa jikoni, nikashika mlango nikalia.

Siku hizi yeye ndiye mwenyekiti. Ameruhusu na akina mama waje, na wanakuja na mihogo ya kuchemsha. Anakula, tena anaongeza. Handeni hataki hata kuisikia. Anasema huko hajui amseme nani.

Kwa heri, Babu yangu. Mungu akupe mahali penye nafasi, na ukikuta watu ni wengi, vumilia tu. Nakuahidi kila likizo nitakuwa hapa, nikae na Bibi, aniseme na mimi.

Mjukuu wako,
Mwanaidi