Makala za Asahel

Harlow, Ohio
12 Machi 1871

Kaka yangu mpendwa Thaddeus,

Nakusalimu wewe, wifi Keziah na watoto. Vipi mguu wako, umeacha kukusumbua? Sisi tu wazima, ingawa nyumba imepwaya tangu tumzike mume wangu Asahel. Asante kwa barua yako ya pole, imenitia nguvu.

Wiki iliyopita wazee wa chama cha siasa hapa mjini walikuja ofisini kulitaka gazeti letu. Msemaji wao, Bwana Peleg Ruggles mwenye kinu cha kusagia nafaka, alisema kwa upole mwingi kwamba makala za Asahel ndizo zilizolibeba gazeti, naye ameondoka nazo. Basi, alisema, heri nimwachie mtu wao aandike, mimi nipumzike na ushonaji wangu. Gazeti hili ndilo maisha yangu.

Mpangaji wetu wa herufi, Mzee Lemuel Tuttle, ambaye kwa mwezi hasemi maneno kumi, akaacha kazi yake na kugeuka.

"Peleg," akasema, "nimezipanga makala hizo miaka tisa. Aliyeziandika hajafa. Umesimama mbele yake hapo, na kofia hujavua."

Bwana Ruggles akavua kofia. Hawakukaa sana.

Nilimuuliza Lemuel amejua tangu lini. Karatasi za makala zikishapangwa herufi huchomekwa kwenye msumari ukutani, na kila mgeni hupenda kuzipekua. Alisema mwandiko wangu aliutambua wiki ya kwanza tu, na tangu siku hiyo karatasi zangu hakuzichomeka, alizitia motoni asije mtu akanigundua. Nililia mbele yake bila haya. Sijui nimshukuru vipi mtu wa namna hiyo.

Ndiyo, kaka, ni mimi. Asahel alijua kuendesha mtambo na kuchangamkia watu, lakini kalamu ilimshinda, nasi tuliona aibu kusema. Na ile makala juu ya mama, uliyoikata ukaihifadhi ndani ya Biblia, ukamwandikia Asahel kwamba amemlilia mama vizuri kuliko binti yake aliyeshindwa hata kuja kumzika, niliiandika mimi, jikoni, theluji ikiwa imefunga njia zote za kuja kwenu.

Nisamehe kwa kuchelewa kukwambia. Mkumbatie Keziah kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
Mehitabel Crane
Mchapishaji, *Mjumbe wa Harlow*