Muhuri wa Masjala

Mountain View,
4 Machi 2025

Mwanangu Mwaura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limehamia upinzani. Debra dada yako hajambo, mimba imefika miezi sita. Natumaini wewe na watoto mko salama huko Kileleshwa.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua na tuko umbali wa nauli moja. Nimepiga simu mara saba. Kila mara hushikwa na msaidizi wako Fidel, naye huniambia Mheshimiwa yuko mkutanoni, hata Jumapili. Ndipo nikakumbuka kazi yangu. Nilikaa masjala ya baraza la jiji miaka ishirini na tisa, nikipokea barua na kuziandika daftarini, na nilichojifunza ni kwamba simu hukanwa, lakini barua iliyopigwa muhuri haikaniki. Hii ninaileta mwenyewe ofisini kwenu mjini. Wataipiga muhuri, nami nitarudi na nakala yangu.

Ninalotaka ni dogo. Zahanati yetu haina maji tangu Novemba. Pampu iling'olewa ikapelekwa kutengenezwa, haijarudi. Muuguzi Ivyne sasa huwaambia wajawazito waje na mtungi wa lita ishirini kila mmoja. Nasikia tarehe ishirini na tano gavana anakuja kwenye bunge la kaunti kuulizwa maswali kuhusu huduma za jiji. Wewe ndiye mwakilishi wetu. Muulize pampu iko wapi. Dada yako atajifungulia hapo Juni.

Mama yako,
Wangui


Kumb. Na. MW/0318/2025
11 Machi 2025

Mpendwa Mkazi,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa buheri wa afya. Nashukuru kwa kuniunga mkono. Suala lako la MAJI/BARABARA/TAKA/TAA linashughulikiwa. Endelea kuiombea wadi yetu.

Wako katika utumishi,
Mhe. Mwaura
Mwakilishi wako


Mountain View,
13 Machi 2025

Mpendwa Mwakilishi,

Mkazi wako hajambo, ahsante kwa kuuliza. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, nikidhani kuna mstari nimeuruka. Maji, barabara, taka au taa: hata kukata maneno matatu kwa kalamu mmeshindwa.

Mkazi huyu alikunyonyesha miaka miwili. Mkazi huyu alikata pazia la sebuleni akakushonea kaptura ya shule, ndiyo maana ukaitwa Dirisha mpaka darasa la tano. Na mwezi jana mkazi huyu alipokuja Kileleshwa na kikapu cha viazi, mlinzi wa lango lako alimuuliza kama ana miadi. Viazi alivipokea.

Nauliza tena: pampu iko wapi?

Mama yako,
Wangui


Kileleshwa,
18 Machi 2025

Mama mpendwa,

Hujambo? Pole sana kwa goti. Sisi tu wazima, watoto wanakusalimu. Naandika hii mwenyewe kwa kalamu ili usiseme ni Fidel. Yeye huwajibu watu wote kwa fomu moja, na barua yako ya kwanza aliniletea juzi, baada ya kupata hii ya pili. Nimeisoma sasa, na nimeona aibu. Mlinzi pia nimemsema.

Swali lako nimeliweka la kwanza. Gavana atajibu mbele ya watu wote, nakuahidi.

Mwambie Debra akizaa mvulana nitakuja na mbuzi. Mvulana wake wa kwanza alipewa jina la babake mumewe Wahome, wa pili la marehemu Baba, na kwa kuwa Wahome hana ndugu wa kiume, kwa desturi yetu wa tatu hupewa jina la mjomba, yaani Mwaura. Nimengoja jina hilo kuliko nilivyongoja kura.

Mwanao akupendaye,
Mwaura


Mountain View,
26 Machi 2025

Mwaura,

Nyumbani tu wazima. Jana nilikuwa bungeni. Hukuniona, nilikaa roshani ya wageni.

Gavana alifika akiwa amechelewa karibu saa nzima, na watu kumi na wawili wa kumbebea faili moja. Wa kwanza kuuliza aliuliza kuhusu taka sokoni, akaambiwa malori yapo njiani. Wa pili akauliza kuhusu mitaro, akaambiwa mvua huletwa na Mungu. Nilicheka, nikajisemea, ngojeni mwanangu ainuke.

Ukainuka. Ukafunga kifungo cha koti. Ukamshukuru dakika nne nzima, nilitazama saa. Kisha ukamuuliza angependa kuwaambia nini wakazi wako kuhusu maua mazuri aliyoyapanda kando ya barabara. Maua, Mwaura. Hata yeye alionekana kuona haya kidogo.

Ni yule mama wa wadi ya mbali, Mheshimiwa Emmah, aliyeuliza kuhusu zahanati yetu isiyo na maji, na kwetu hajawahi kukanyaga. Gavana akajibu kwamba hakuna mtu amelalamika, kisha akakugeukia: "Mheshimiwa wa huko si huyu hapa? Umepata barua yoyote ya zahanati?"

Nawe ukasema, "Sijapata hata moja, Mheshimiwa Gavana."

Nakala yenye muhuri ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilisimama nayo. Askari wa bunge akanishika kiwiko akaniambia polepole, "Mathe, huku juu watu hawaongei. Keti ama nikutoe." Nikaketi, kwa sababu ya goti.

Nimekudharau, mwanangu. Nimetafuta neno lingine linalomfaa mama nikalikosa. Gavana simjui, sikumzaa, na uongo wake ni wa kazi. Wako ulikuwa juu yangu.

Wangui


Kileleshwa,
3 Aprili 2025

Mama,

Natumai goti lina nafuu. Neno lako limeniuma, lakini siasa si masjala. Maswali ya wengi wetu huletwa yameandikwa tayari kutoka kwa watu wa gavana. La maua liliandikwa huko. Mwezi ujao kunachaguliwa mwenyekiti wa kamati, na bila mkono wake siwezi kuipata nafasi hiyo. Nikiipata, wadi itafaidika. Barua yako nilikuwa nayo, sikatai, lakini ningemwambia nini pale mbele ya watu?

Tangi la lita elfu kumi litafika zahanatini kabla ya Pasaka. Nimelitoa mimi mwenyewe. Debra asiwe na wasiwasi.

Usikasirike, Maitu, mama yangu.

Mwanao,
Mwaura


Mountain View,
17 Juni 2025

Mwanangu Mwaura,

Sisi tu wazima, na tumeongezeka. Nasikia uliupata uenyekiti. Hongera.

Tangi lilifika, nalo ni kubwa kweli. Picha yako iko pande zote mbili, unacheka. Ila maji ya kulijaza hayakuletwa, kwa kuwa pampu bado haipo. Debe tupu haliachi kuvuma, na watoto wanalipiga kama ngoma.

Jumamosi asubuhi Debra alishikwa na uchungu. Tulifika na mitungi miwili, nayo ikaishia kwa mama aliyetangulia, aliyekuwa akivuja damu. Ivyne akatoka nje na mikono yake vile ilivyokuwa, akatuambia hawezi kumpokea mtoto hivyo. Nilikimbia barabarani, mimi na goti hili. Nilimkuta Thuo, yule muuza maji wa mkokoteni, na mitungi minane ya hoteli. Hakuuliza mimi ni mama wa nani. Aliisukuma mpaka mlangoni, akaibeba ndani yote, akaenda kuleta mingine. Nilipofungua mkoba alisema, "Wacha mtoto aoshwe kwanza, mathe. Hoteli itangoja."

Ni mvulana. Debra anaendelea vizuri. Wazee wa upande wa Wahome walinung'unika kwamba jina la wa tatu ni la mjomba na halichezewi. Niliwapeleka wakalitazama tangi, wakaridhia. Mtoto anaitwa Thuo. Mbuzi wako kaa naye.

La mwisho. Wakazi mia mbili na kumi tumetia sahihi malalamiko na kuyawasilisha kwa karani wa bunge. Tumeambatisha barua yangu ya 4 Machi na muhuri wake, fomu yako ya Mpendwa Mkazi, na barua yako ya 3 Aprili, ambamo unasema ulikuwa na barua yangu na kwamba swali uliandikiwa. Uliiandika kwa mkono wako, mwanangu. Ulimwandikia mtu wa masjala ukadhani ataitupa.

Kamati ya kusikiliza malalamiko hayo itakaa tarehe nane Julai. Wewe utakalia kile kiti alichokalia gavana, na Mheshimiwa Emmah ndiye atakayeuliza. Nimemwomba asikushukuru. Mimi nitakuwa juu roshani na mtoto, na huko watu hawaongei, kwa hiyo usingoje nikutetee.

Jioni hiyo njoo nyumbani ule. Huhitaji miadi. Uwakilishi una muhula, mimi sina.

Mama yako,
Wangui

Nakala: Karani wa Bunge