Mstari wa Tisa Sikuusoma

(Kutoka daftari langu la tatu, miaka ya ukimbizi, Murusagamba. Nanakili kama nilivyoandika.)

Jumapili. Mvua ya alfajiri, kisha jua kali. Moyo mwepesi, ila umechoka.

Naanza na kosa langu. Nikianza na maharage na matope, nitaishia kwenye maharage na matope.

Jumapili iliyopita redio ilitangaza serikali mpya ya kwetu, Burundi. Ni serikali ya mseto: chama chetu kimo, na wale waliotuondoa madarakani nao wamo. Betri nilikuwa nimezianika juani tangu asubuhi, zikatosha mpaka jina la mwisho. Niliandika kama ninavyoandika siku zote, kila wizara na mstari wake, namba pembeni. Wakimbizi wenzetu hapa kijijini wengi hawana betri, na wenye betri hawana subira, kwa hiyo husubiri nisome. Husema, "Daftari la Konsolata halikosei."

Jioni nilimsomea Baba. Mstari wa kwanza hadi wa nane nilisoma vizuri. Nikaruka wa tisa. Nikaendelea na wa kumi kwa sauti ile ile.

Mstari wa tisa ulikuwa Wizara ya Ardhi. Imekwenda kwa upande ule uliogawana mashamba yetu tulipokimbia.

Baba yangu, Mzee Baltazari, alikuwa katibu wa chama kwenye kilima chetu. Aliishia darasa la nne, lakini alikuwa na jambo moja alilolijua kama padri anavyoijua misa: anayelima kahawa ndiye awe mwenye kahawa. Alilipeleka nyumba kwa nyumba, kwa miguu, hata kwa watu waliomfungia mlango. Uchaguzi ulipofika, kura yake ilikuwa ya kwanza maishani mwake, na upande wake ukashinda. Miezi michache baadaye tulikuwa tunavuka mto Ruvubu, na kadi yake ya kupigia kura ilikuwa ndani ya soksi. Anayo hadi leo, kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa wa chumvi.

Sasa aliposikia kwamba chama kimo, alicheka. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu tumzike Mama sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

"Konso," akaniambia, "Jumatatu ijayo naenda Ngara mjini kujiandikisha. Narudi. Nataka nikafie kwenye kahawa yangu."

Jioni hiyo hiyo akachimba shimo nyuma ya nyumba, akalipasha moto, akafukia mikungu mitatu ya ndizi za pombe ili ziive. Alisema hawezi kuondoka kijiji kilichompokea bila kuwanywesha watu urwarwa, pombe yetu ya ndizi. Ijumaa tukafukua, tukakamua kwa nyasi, tukatia mtama uliokaangwa. Nilikamua naye, mikono ndani ya ndizi hadi kwenye viwiko, na mstari wa tisa ukiwa kifuani.

Mara ngapi nilifungua mdomo? Sikuhesabu, na mimi ni mtu wa kuhesabu.

Wiki hii kisimani na njiani hakukuwa na habari nyingine. Anayesema zaidi ni Ndugu Sirivestri, jirani yetu, ambaye enzi zile alikuwa akibeba bendera mbele Baba akihutubia nyuma. Yeye hataki kuisikia serikali hii. Jumatano alisimama kwenye boma letu, hakuingia hata kuketi.

"Katibu, tuliwapa kura watuondolee mabwana. Wao wamekwenda kukaa meza moja na mabwana."

"Bora meza kuliko mapanga," Baba akajibu. "Mezani watu hugawana nyama tu."

"Na nyama ni sisi!"

Wakaachana bila kuagana, watu waliovuka mto kwa kamba moja. Mimi nilikuwa nikichambua mchicha, nikainamisha kichwa zaidi ya ilivyohitajika. Sirivestri alikuwa na haki, na ushahidi aliouhitaji ulikuwa chumbani kwangu, mstari wa tisa, kwa wino wa buluu.

Naandika sasa sehemu ambayo sikutaka kuiandika.

Nilijiambia nimeficha kwa upendo, ili mzee apate wiki moja ya kucheka. Ni kweli. Lakini si kweli yote. Watu wa Kanazi wameshatuma maneno ya posa mara mbili. Kijana wao, mwalimu, ni mtu mpole, ananiandikia barua zenye aya na nukta mahali pake. Nami nimekuwa nikijibu kwamba siwezi kumwacha Baba peke yake. Baba akirudi nyumbani, jibu hilo linakwisha. Niliposoma wa nane na kuona wa tisa, nilimwona Baba akicheka, na nyuma yake nikaiona njia ya Kanazi.

Nilitaka aende.

Aende peke yake, mzee wa miguu inayovimba, akabishe hodi kwa mtu aliyekalia shamba lake na ambaye sasa wizara ni ya upande wake. Mimi nikafunge kitenge kipya.

Leo baada ya ibada pombe ilikuwa tayari. Baba alikitoa chungu uani, akapanga vigoda, akachomeka mirija. Akanituma nimwite Ndugu Sirivestri.

Nikamkuta ananoa jembe. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Amekutuma?"

"Amenituma."

"Amesema samahani?"

"Amesema pombe ni nzuri."

Akaliweka jembe chini. "Hiyo nayo ni samahani," akasema, akanifuata.

Kwetu mgeni hagusi mrija kabla ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba huonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ili waone kwamba hakuna kilichofichwa ndani ya chungu. Nimeliona hilo tangu utotoni wala sikuwahi kulifikiria. Leo Baba alivaa koti lake la katibu, lile lenye kiwiko kilichoshonwa na Mama. Akainama, akashika mrija.

"Baba, usionje."

Sirivestri akarudisha kigoda nyuma. "Ee! Binti umetia nini humo?"

"Sikutia kitu kwenye chungu," nikasema. Nikaingia ndani, nikatoka na daftari. Nilisimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Nikasoma mstari wa tisa, wizara na upande ilikokwenda.

Kuku walikuwa wakidonoa mtama ulionata kwenye kinu. Niliwasikia kila mmoja.

"Soma tena," Baba akasema.

Nikasoma tena.

"Uliuandika siku ile ile?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukauruka."

"Niliuruka."

Akanyoosha mkono, nikampa daftari. Baba husoma polepole, kwa kidole. Kidole kilishuka kutoka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikapita kila jina, mpaka kikafika pale na kukaa. Kilikaa muda mrefu. Kisha akasema, si kwangu wala kwa Sirivestri, "Basi chama kimeingia ndani, na shamba langu wameliacha mlangoni."

Nilimtazama Sirivestri. Nilijua sasa atasema. Wiki nzima alikuwa ameliomba neno hili, nami nimempa mkononi. Lakini alivuta kigoda chake, si kurudi mahali pake, bali upande wa Baba, mpaka magoti yao yakagusana.

"Katibu," akasema, "mimi serikali hii siiamini hata robo. Ndiyo maana siwezi kukuacha uiendee peke yako."

Baba akainua macho. "Ulisema hurudi mpaka wale watoke."

"Nilisema. Na wewe ulisema unakwenda kufia kwenye kahawa. Nani atakuwa shahidi kwamba ni yako?"

Baba akacheka. Kicheko kidogo, si kile cha wiki iliyopita, lakini hiki nilikipenda zaidi kwa sababu kilikuwa kimeshasikia yote. Wakakubaliana hapo hapo. Kesho hakuna anayejiandikisha. Maharage yavunwe kwanza. Kisha waende wawili, wakachungulie tu, wakae siku mbili kwa binamu yake Sirivestri, waone nani amekalia nini. Kadi za kura watazibeba zote mbili.

"Kwenye soksi?" Sirivestri akauliza.

"Mfukoni," Baba akasema. "Safari hii mfukoni."

Ndipo akainama, akaonja, akafuta mdomo. "Haina kitu," akasema, kama inavyosemwa. Wakanywa, wakabishana juu ya Wizara ya Elimu mpaka chungu kikafika nusu.

Sirivestri alipoondoka nilimwambia Baba sehemu ile nyingine. Nilimwambia nikiwa nakusanya mirija, nikimpa mgongo, kwa sababu mbele ya uso wake nisingeweza. Nilisema nilitaka aende, na nikasema kwa nini. Nikataja Kanazi.

"Barua saba," akasema. "Unadhani wanaozileta hawapiti kwanza kunisalimia mimi?"

Nikaendelea kukusanya mirija iliyokwisha kukusanywa.

"Konso. Nilipoamua kurudi, nilikuuliza?"

"Hapana, Baba."

"Basi. Ukimficha baba yako wizara, ni kosa. Usinifiche tena, hata kama nimecheka. Lakini kutaka nyumba yako, hilo si kosa. Na mimi natafuta ya kwangu."

Jua bado liko juu ya migomba, nuru inatosha kuandika. Nimeupigia mstari wa tisa mstari chini yake kwa rula, na pembeni nimeandika: *umesomwa leo*. Kesho tunapalilia, na jioni wakija kuuliza habari za serikali nitawasomea yote, kuanzia wa kwanza, bila kuruka. Wengine watacheka, wengine wataondoka na vichwa chini. Si kazi yangu kuchagua.

Nimeandika pia barua kwenda Kanazi. Ni fupi. Baba alinipa maneno ya mwisho mwenyewe, akiwa amejilaza na koti lake bado mwilini:

"Waambie waje na chungu chao. Lakini waonje wao kwanza."