Shuka Lililopigwa Pasi Mara Mbili

Mwaka mmoja umetimia sasa, Mama, tangu ututoke, na bado kila tukianua nguo tunasikia sauti yako: “We! Shuka hilo lina unyevu, rudisha kambani!”

Miaka thelathini na mmoja ulifua nguo za hospitali. Watu waliwajua madaktari kwa sura. Wewe uliwajua kwa mifuko ya makoti yao. Ulitoa humo kalamu, pipi, na siku moja pete ya ndoa. Uliirudisha mwenyewe, mbele ya wauguzi: “Daktari, mkeo anajua inaogea huku?”

Ulipenda kusema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha unaongeza la kwako: “Daktari bingwa bila kitambaa safi ni mtu mwenye kisu tu.” Tulicheka sana.

Mimi, kitindamimba wako, niliacha kucheka nilipokuwa na miaka tisa, kidole tumbo kilipokaribia kupasuka. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari, wa dawa ya usingizi tayari, maabara imeshaleta damu. Vitambaa vya upasuaji ndivyo havikuwepo. Mashine ya kukaushia ilikuwa imegoma tangu asubuhi. Wauguzi wakakuambia, “Mama, leo kaa na mwanao.” Ukanishika shavu. “Nikikaa hapa nitalia tu.” Ukatoka mbio.

Nilikuchukia, Mama. Nisamehe. Nilidhani umenikimbia. Kumbe ulikuwa unakausha kwa pasi, kipande kwa kipande, fundi akiwa amelala chini ya mashine, na mpishi wa wagonjwa ameacha sufuria zake ashike pasi ya pili. Wa mashine ya mvuke akapokea, akaua vijidudu, msukuma machela akanifuata. Ndiyo maana nipo, naandika haya.

Mwaka jana ikawa zamu yako kulazwa. Ulipapasa shuka, ukakunja uso: “Hili halijakauka. Nani yuko zamu?” Muuguzi akapiga simu kule chini, chumba cha kufulia. Wenzako wakaleta jingine, limepigwa pasi mara mbili, bado lina joto. Ukalipapasa. Hukusema neno, na kwa tunaokujua, hiyo ni sifa kubwa. Ukalala juu yake, usiamke tena.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye siku hizi anajifulia, tena vibaya, binti zako wawili, mimi kitindamimba wako, wajukuu zako, na chumba kizima cha kufulia.

Daima tuko nawe, Mama. Mashuka yamekauka. Pumzika.