Taa ya Kondoo Tisini na Sita

Alhamisi, 1 Desemba

Baba kaamka na kilemba chake cha hariri. Kakitoa sandukuni, kakianika uani, kakaa akikilinda kunguru wasije wakakichafua. Jumanne ni sikukuu ya taa. Kuhani atamfunga kilemba hicho mbele ya mji mzima, kisha Baba ataiwasha taa yetu pale hekaluni. Taa yetu! Babu yetu Kadan alitoa kondoo tisini na sita, enzi za wafalme Wachola wa kusini mwa India, miaka elfu iliyopita, ili samli ya taa isikatike. Wimbo huo nimeusikia tangu nabebwa mgongoni. Na mwaka huu kuna kibao cha shaba cha kumkumbuka, kitawekwa hekaluni. Maneno nimetunga mimi, mwalimu wa historia: "Aliitoa taa hii kwa moyo wa huruma." Hiyo huruma nilikisia tu. Lakini yalikaa vizuri, nikajipenda.

Jioni Bibi Pechi, mfinyanzi, kaleta visahani vya udongo vya sikukuu. Kamwomba Baba jambo: mwaka huu awashe yeye ile taa. Mara moja tu, magoti yamekwisha, mwakani huenda hayupo. Baba kacheka. "Bibi, wewe finyanga. Kuwasha kuna wenyewe!" Bibi naye akajichekesha, akaondoka. Nilikuwa mlangoni. Nikampisha apite.

Jumamosi, 3 Desemba

Mafundi wanakwangua chokaa kuukuu kwenye ukuta wa kaskazini wa hekalu. Fundi Sudalai kaniita — Mwalimu, njoo, huku kuna maandishi! Nikaenda mbio. Kitamil cha kale, kimechongwa kwenye jiwe, kilikuwa kimefukiwa na chokaa miaka nenda miaka rudi. Nilipoona jina la Kadan nilipiga kelele kwa furaha.

Kisha nikasoma.

Kadan alikwenda kuwinda. Kitu kikatikisika majanini, akadhani nguruwe mwitu, akaachia mshale. Kumbe ni mfinyanzi, anachimba udongo kando ya bwawa. Akafa pale pale. Baraza la mji likakaa. Likaona hakukusudia, basi asiuawe. Ila atoe kondoo tisini na sita, taa iwake kwa ajili ya marehemu, na kizazi chake kiitunze maadamu jua na mwezi vipo.

Faini! Taa yetu ni faini. Nimerudia kusoma nikiomba niwe nimekosea. Wapi! Miaka yote hii tunafungwa kilemba kwa kuua mtu. Na watu wa Mtaa wa Wafinyanzi, akina Bibi Pechi, tunawaambia wakae nyuma.

Sudalai kauliza wanasemaje. "Habari za kondoo," nikamjibu. Ulimi haukusita hata kidogo.

Jumapili, 4 Desemba

Nilitaka kumwambia Baba wakati wa chai. Naapa kwa Shiva, nilitaka. Kakaa anajaribisha kilemba mbele ya kioo, shingo imekonda, kilemba kinamzidi. Akasema, tangu mama yako afe, siku hii ndiyo pekee ninayojiona mtu. Ningesema nini? Nikammiminia chai.

Mchana Sudalai kaja tena. Tuuache wazi ukuta au tupake?

"Pakeni."

Neno moja. Hata hakuniuliza kwa nini, ananiamini, mimi si ndiye msomi? Nikasimama nikitazama brashi inapita juu ya yule mfinyanzi. Jina lake limo, nimelisoma: Sattan. Nimemuua mara ya pili, na safari hii si kwa bahati mbaya. Aibu gani hii! Nimeshindwa kula.

Jumatatu, 5 Desemba

Mvua kutwa. Nimekutana na Bibi Pechi sokoni. Nilitaka kujificha nyuma ya migomba ya sikukuu, akaniwahi. Kanishika mikono yote miwili. Mchongaji kamsomea maneno ya kibao. "Wazee wenu walikuwa na huruma sana, mwanangu. Ndiyo maana na wewe umekuwa hivyo." Nikaitikia. Nikaitikia! Mtu mzima, na shahada yangu, naitikia tu kama mwizi anayesifiwa.

Jumanne, 6 Desemba

Naandika nimekaa nyuma ya nguzo, hekaluni. Jua linazama. Ngoma zinalia, watu hadi langoni. Baba kashafungwa kilemba, anang'aa. Wameweka kibao, kimefunikwa kitambaa chekundu. Mimi ndiye wa kuyasoma maneno yake kutoka karatasini, kisha taa iwashwe.

Bibi Pechi kakaa nyuma kabisa, kaegemea ukuta wa kaskazini. Pale pale! Mvua ile haikuiacha chokaa ikauke, sari yake yote nyeupe mgongoni. Nilimfuata. Bibi, sogea, unachafuka.

"Niache mwanangu. Hapa ndipo ninapoiona taa yenu vizuri."

Yenu.

Nikisema, Baba atavua kile kilemba mbele ya mji mzima. Nisiposema — nitaishi vipi na yule bibi mtaani?

Baba ananiita. Mara ya pili sasa. "Poongodi! Njoo usome! Soma kwa sauti, hata wale wafinyanzi kule nyuma wasikie!"

Nakwenda. Karatasi ya kusomea, yenye ile "huruma", nimeiacha humu, katikati ya kurasa hizi; jina la Sattan nalijua kwa moyo.