Miti ya Hapa, Tata

Tata,

Mi Ngalula, binti yako. Leo nimepanda miti, na nimetaka ujue wewe kwanza, kabla habari haijamfikia kaka kule Kasai. Atakasirika.

Tulipokwisha kukuzika karibu na gare, pale kituoni, yeye alipanda treni na mke wake na watoto. Alinishika mkono nipande, nikauvuta. Tulikuwa tumelala nje pale gare siku nyingi tukingoja treni, chini ya plastiki, na wewe unatetemeka kwa homa, dawa hakuna, mpaka ukatutoka. Nikuache peke yako pale, niende nchi ambayo sijaiona hata mara moja? Wewe mwenyewe ulizaliwa hapa, kambi ya mgodi, baba yako alipoletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Wenye Katanga wanasema sisi wa Kasai turudi kwetu. Kwetu wapi, Tata?

Nyumbani kwetu anakaa mtu mwingine. Mgodi umenyamaza, na hata waliotufukuza wanauza vitanda vyao wapate unga. Aliyenichukua ni Mama Kabange, yule niliyekuwa naimba naye kwaya. Yeye ni mtu wa Katanga ya kaskazini. Walimtisha kwa sababu yangu, hakusikia. Amenipa chumba cha nyuma na kipande cha uwanja, akasema, "Panda kitu." Nadhani aliwaza mihogo.

Asubuhi nilikwenda sokoni kwa mzee anayeleta makaa kutoka upande wa Mutshatsha. Siku hizi analeta na miche ya matunda, ndani ya makopo ya maziwa. Pesa sikuwa nayo, nilibeba kitenge changu cha harusi. Akaniuliza jina, nikamwambia, akatambua ni jina la Kasai. Basi akaingiza mkono nyuma ya magunia, akatoa mchikichi mdogo. "Mama, kamata huu. Muti wa kwenu Kasai."

Tata, nilicheka mpaka watu wakageuka. Nilikukumbuka wewe na michikichi yako! Mbegu ulizoletewa na wajomba, miche ukaifunika magunia kila mwezi wa sita, na bado baridi ya Kolwezi ikaiunguza yote. Mama alikuwa anakutania, "Muache huyo mugeni apumzike." Na wewe, "Mwaka ujao atazoea." Wapi!

Nikamwambia mzee, "Huo utakufa na baridi. Nipe miti ya hapa."

"Ya hapa?"

"Ya hapa. Na mi ni wa hapa."

Akarudisha mchikichi nyuma ya magunia. Akanichagulia miche miwili ya avoka, parachichi, iliyopandikizwa kwa vijiti vya mti unaozaa nyumbani kwake, halafu mpera na mlimau. Akanionyesha pale kijiti kilipoungwa na shina: nisifukie udongo hapo, na kiangazi nisiache kumwagilia. Kitenge akakikunja polepole, kama anakunja nguo ya mtu wake. Hapo nililia kidogo. Si kwa kitenge.

Nilikuwa nachimba shimo wakati yule anayekaa nyumbani kwetu alipopita. Akasimama kwenye ua. "Unapandia nani? Mutaenda tu, ninyi bote."

Niliogopa, sikufichi. Mama Kabange akatoka jikoni na ndoo ya maji. "Anapanda kwangu," akasema, "na avoka nitakula mi. Wewe pita."

Na mi nikaongeza, "Zikizaa, uje ununue. Utanikuta hapahapa."

Akapita. Tukamaliza mashimo yote, tukamwagilia, mikono imejaa malengelenge.

Kaka anatuma watu waniambie kule kuna ardhi, nisiwe kichwa ngumu. Kichwa hiki nilipewa na nani, Tata? Siendi. Waliotufukuza wakija tena na fimbo zao, wataniondoa kwa kunibeba, na Mama Kabange atapiga kelele mpaka kule mbali Nzilo wasikie.

Nakuahidi: jumapili nakuja kupalilia kaburi lako, nisimamishe msalaba wa mbao ngumu wenye jina lako lote, lisomwe na kila anayepita njia ya gare.

Lala, Tata. Mi nabaki.

Mutoto wako,
Ngalula, wa Kolwezi